Perez Mwingine

Chai yake ilikuwa bado haijapoa, na Adongo alikuwa amekwisha kuipa pole familia moja ya Awendo, ndugu wawili wa Bondo na mwalimu wa Ahero aliyefiwa na mkewe. Aliandika kwa vidole gumba, mgongo umeegemea robota la tisheti nyeupe, uso umetulia kama wa mtu anayechambua mchele. Pole sana kwa msiba. Mungu awatie nguvu. Tunachapisha tisheti na programu za mazishi, tunakodisha hema na viti, tunafika popote. Akatuma. Akatafuta mwingine.

“Wale wa Bondo wamejibu?” Kadija aliuliza kutoka kwenye mashine.

“Wamesema Cliff aliwafikia jana.”

“Cliff tena!” Kadija, mwenye duka, alikibamiza kifuniko cha mashine ya kuchapia picha. “Huyo mshindani wetu siku moja atapigana vikumbo na Malaika wa Mauti mlangoni. Si nimekuambia, Adongo? Wa kwanza kusema pole ndiye anapewa kazi. Wa pili anapewa asante.”

Adongo alijua ni kweli.

Duka lilikuwa ukingoni mwa soko la Kibuye, pale wauza mitumba wanapopakana na mafundi wa masanduku ya mabati. Ukutani zilitundikwa tisheti za mfano, nyuso za marehemu zinazotabasamu, na chini ya kila uso tarehe mbili, ya kuja na ya kwenda. Kadija mwenyewe hakuwahi kuchapisha tisheti ya mtu wake hata mmoja. Kwao, Waislamu wa Kaloleni, mtu akifa alfajiri, alasiri ameshazikwa na watu wamerudi kunywa kahawa. “Ningewategemea watu wetu,” alizoea kusema, “ningekufa njaa, na mimi pia wangenizika jioni hiyo hiyo.” Ila kwa majirani zake wa ziwani maiti hungoja. Hungoja mtoto aliye Nairobi, hungoja nyumba ipakwe rangi, hungoja shemeji walionuniana wapatane, na katika kungoja huko ndimo Kadija alimopata riziki.

Kazi ya Adongo ilikuwa kuwanusa. Asubuhi hadi jioni alipekua Facebook akitafuta mishumaa. Mtu akiondoa picha yake akaweka mshumaa, au akaandika “kwa nini mapema hivi”, Adongo alisimama hapo. Hakumwandikia aliyelia, maana anayelia sana mtandaoni mara nyingi siye anayegharimia. Aliingia kwenye ukurasa wake, akafuata ndugu zake mmoja mmoja mpaka akampata yule aliyepiga picha mbele ya jengo refu la ng’ambo. Huyo ndiye. Huyo ndiye atakayeulizwa habari ya hema.

Siku za mwanzo kazi ilimsumbua. Alilisoma jina la marehemu, akanyamaza kidogo, ndipo akaandika. Sasa aliandika pole kama mtu anavyofukuza nzi.

Lakini tusiisingizie kazi. Adongo alikuja dukani akiwa hivyo tayari. Mumewe, Opondo, alianguka kutoka kwenye jengo alilokuwa akijenga kule Mamboleo, na saa hiyo Adongo alikuwa akiuza nyanya hapo hapo Kibuye. Wanawake wawili aliowajua kwa sura tu walikuja wakasimama karibu naye, wakamgeuzia kreti, wakamketisha, kisha wakakaa mmoja kulia, mmoja kushoto. Hawakuwa wamesema neno. Alipoketi, alishajua. Ndivyo ilivyo kwa watu wa ziwani: mtu haambiwi kifo akiwa amesimama, wala akiwa peke yake. Anakalishwa kwanza, anashikwa huku na huku, ndipo anaambiwa, na ndipo nduru inapopigwa, ule ukelele mrefu unaowajulisha majirani kwamba nyumba hii imeingiliwa.

Nduru ya Opondo waliipiga wengine. Adongo hakulia sokoni, hakulia kaburini, na mawifi zake hawajaacha kulisema jambo hilo mpaka leo. Haikuwa kiburi. Alikitafuta kilio akakikosa, kama unavyotafuta ufunguo mfukoni ukaupata mfuko tu. Tangu hapo alikuwa na ganzi, na baada ya muda aliizoea, akaona hata inamfaa kazini.

Asubuhi hiyo, jina la Cliff likiwa bado masikioni, aliona mshumaa.

Msichana mmoja wa Dunga, Akinyi, alikuwa ameuweka pamoja na maneno mawili tu: “Dani, umeenda.” Dani ni nyanya, mama wa mzazi. Posti ilikuwa mbichi, hakuna mtu aliyesema chochote chini yake, hata Cliff. Adongo alimfuata Akinyi kwa wajomba, akamfuata kwa mashangazi, na huko akampata Perez: mwanamke mnene kidogo, miwani ya jua, nyuma yake mitende na barabara pana ya Saudia. Hakungoja. “Pole sana dada Perez kwa kumpoteza Mama,” aliandika, na yale mengine yakafuata yenyewe, nguvu za Mungu, tisheti, hema, viti. Akatuma.

Aliporudi kwa Akinyi atafute jina la marehemu, mshumaa haukuwepo. Ulikuwa umefutwa.

Simu ikalia kidogo mkononi mwake.

“Mama gani?” Perez aliandika.

Kisha, kabla Adongo hajapumua: “Wewe ni nani? Mama gani?”

Kisha ikaita kabisa. Adongo aliitazama ikiita. Alielewa yote kwa mara moja: mama amekufa, binti hajaambiwa, na yeye ndiye aliyemwambia. Amemwambia akiwa amesimama, labda na dekio mkononi, jikoni kwa watu, kulia kwake hakuna mtu na kushoto kwake hakuna mtu.

“Shika simu,” Kadija alisema.

Hakushika. Ilipokatika, vidole vyake vilivyozoea kuandika bila yeye viliandika bila yeye. “Samahani sana dada. Nilikuwa namwandikia Perez mwingine. Majina yamefanana.”

Alingoja. Mashine ilikuwa imenyamaza. Nje mtu alikuwa akinadi sketi kwa kipaza sauti, mama chagua, dada chagua.

“Wueh! Dada, umeniua,” Perez akajibu hatimaye. “Nimekaa chini kwa sakafu ya wenyewe. Hujui vile mama yangu amekuwa mgonjwa.” Na baada ya muda: “Nimepigia kakangu. Anasema mama yuko, amelala. Mungu ni mwema aki.” Na tena: “Huyo Perez mwingine mwambie pole. Mwambie mwenzake anamwombea.”

Adongo alimpa Kadija simu asome. Kadija alisoma mpaka mwisho, akairudisha kwa mikono miwili.

“Nenda kwa hao watu,” alisema. “Ukirudi na kazi, sawa. Ukirudi bila kazi, pia sawa. Lakini nenda.”

*

Dunga hakuhitaji kuuliza sana. Kila mtu alijua kwa kina Akinyi, kwa marehemu Agneta, ingawa hakuna aliyesema marehemu; walisema “kwa Agneta” na kumwonyesha njia kwa kidevu, kisha wakarudi haraka kwenye samaki wao.

Nyumba iliyofiwa ina sauti yake, na hii haikuwa nayo. Ilikuwa na sauti ya mafuta tu. Wanawake walikuwa wamezunguka karai kubwa wakikaanga samaki wa ngege kama siku yoyote, ila hakuna aliyemtania mwenzake, na mteja alipotaja bei alipewa samaki bila kubishaniwa. Adongo aliona kanga zilizofungwa kiunoni kwa kukazwa, kama za watu waliojiandaa kwa safari. Walikuwa wamejiandaa kulia, wakazuiwa.

Mwanamume mmoja mrefu alitoka upande wa mashua akijifuta lami vidoleni. Alikuwa fundi wa mashua, Ondiek, kaka yake Perez.

“Wewe ndio yule wa pole,” alisema.

“Ni mimi. Samahani, baba.”

Hakumpigia kelele. Afadhali angempigia. Alimpeleka kando ya mashua iliyopinduliwa, akakaa juu yake, akamwonyesha na yeye akae.

“Unajua nimefanya nini leo?” aliuliza. “Nimedanganya dadangu. Mama yuko mochari tangu Jumamosi, na mimi nasema amelala. Ameniuliza, mpatie simu. Nikasema simu yake imeharibika, iko kwa fundi. Fundi gani? Mimi ndio fundi hapa.”

Adongo alitazama mikono yake.

“Kale katoto Akinyi kalifuta ule mshumaa mara moja nilipokakemea. Sikujua kuna mtu ameona.” Ondiek alitikisa kichwa. “Mnaona haraka nyinyi.”

“Ndio kazi.”

“Ni kazi, eh. Sasa sikiza, mama. Perez anakuja Jumatatu. Likizo yake ilikuwa imepangwa kutoka zamani, alikuwa anakuja kuona mama. Tukakaa, tukasema, asiambiwe huko. Huko hana mtu. Akianguka nani atamwinua? Ile familia anafanyia kazi hata jina lake hawawezi kuita vizuri. Basi tumezuia nduru. Unaona hawa wamama? Wamemeza nduru tangu Jumamosi. Waya yangu kichwa kinamuuma kwa sababu ya kuimeza.” Waya alikuwa shangazi yao mzee, aliyekaa karibu na karai, midomo imekazwa, bila kukaanga chochote.

“Nifanye nini?” Adongo aliuliza.

“Ameshakuuliza kitu?”

“Ameuliza kuhusu Perez mwingine.”

Ondiek alicheka kidogo, kicheko kisichofika popote.

“Umemzaa huyo Perez mwingine,” alisema. “Sasa mlee.”

*

Akamlea.

Perez aliandika kila mchana, saa ile mwenye nyumba anapolala. Adongo alidhani ataandika mara moja asahau, lakini mtu aliyeponea chupuchupu humpenda yule aliyekaribia kumgonga. “Dada wa pole, uko?” ndivyo alivyoanza. Alisimulia joto la huko, mtoto wa bosi anayekataa kula isipokuwa kwa mkono wake, chumba chake chenye dirisha linalotazama ukuta. Alisimulia mama yake anavyopenda kichwa cha samaki wa mbuta na kunyonya macho yake mbele za wageni bila haya. Kisha, siku zote kabla ya kuaga, aliuliza jambo dogo.

“Umekula?”

Adongo aliitazama meseji hiyo kwa muda mara ya kwanza. Hakukumbuka ni lini aliulizwa. Wanaomwandikia yeye walikuwa wakiuliza hema linatosha watu wangapi. “Bado,” alijibu, na Perez akaandika, “Sasa dada, si ule? Hata kama ni omena na sukuma. Kula halafu uniambie umekula.” Adongo alikwenda akanunua, akala, akamwambia amekula. Alijisikia mjinga, na alijisikia vizuri, na lile la pili lilimtisha.

Na kila siku Perez aliuliza habari za mwenzake.

“Yule Perez mwingine ameambiwa?”

“Bado. Wanangoja afike nyumbani.”

“Kwani yuko wapi?”

“Mbali.”

“Hiyo si sawa,” Perez aliandika. “Mimi ningetaka niambiwe hiyo saa. Mama ni mama. Huwezi kaa unacheka na watu na mama yako ako mochari.” Meseji zikakatika. Akarudi: “Lakini pia nani angenishika huku. Sijui. Usinisikize. Mungu amsaidie tu.”

Siku hiyo Adongo alitoka nje, akasimama nyuma ya mafundi wa masanduku ambako nyundo zingemficha, akaandika: “Perez, ni wewe.” Maneno matatu tu. Kidole kilikaa juu ya kitufe mpaka kikamuuma. Alimwona Perez kwenye kile chumba cha dirisha la ukuta. Akayafuta, neno moja moja.

Angependa kusema ni kwa sababu ya kile chumba. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba Perez akijua, hatamuuliza tena kama amekula. Adongo alilitambua hilo akiwa amesimama pale, na aliona aibu. Ilikuwa aibu ya kawaida tu, ya moto usoni, na alishangaa kuiona imerudi baada ya muda wote huo.

Dukani alianza kuchelewa. Aliona mshumaa, akauacha mpaka wengine wauone kwanza. Kabla ya kusema pole alisema habari za nyumbani, akangoja ajibiwe, na watu wanaofiwa hawajibu upesi. Cliff aliwapata wa Rabuor, akawapata wa Kajulu, akawapata hata watu wa mtaa mmoja na Adongo mwenyewe.

“Nitakuonyesha mlango,” Kadija alisema, lakini hakuonyesha.

Ijumaa Perez alituma picha. Mwanamke mwenye kitambaa cha njano, amesimama ufukweni Dunga, amembeba mbuta mkubwa kama mtoto mchanga, anacheka mpaka pengo la jino linaonekana.

“Huyu ndio mama yangu,” aliandika. “Mlisema mnafanya tisheti. Nataka mbili, yake na yangu. Andika MAMA NIMERUDI. Nikishuka ndege nakuja kwako kwanza nizichukue, nivae, ndio niende nyumbani. Nataka kuona vile atacheka. Usiambie mtu, ni sapraizi.”

Adongo aliipeleka picha kwenye kompyuta. Mikono ilifanya kama ilivyozoea: ikausogeza uso juu kidogo, ikaacha nafasi chini kwa ajili ya tarehe mbili. Aliitazama ile nafasi nyeupe. Akaushusha uso tena, akaandika MAMA NIMERUDI, na maneno yakaijaza.

Kadija alichungulia begani kwake. “Tarehe ziko wapi?”

“Hii haina tarehe.”

“Ya mtu aliye hai? Alhamdulillahi! Ya kwanza tangu tufungue. Wacha niibandike mwenyewe, nione baraka yake.” Kisha akayasoma maneno, akamtazama Adongo, akaiona sura ya Adongo. “Ni yule wa Dunga,” alisema.

“Ni yeye.”

“Na aliyeagiza ni huyo binti.”

“Anataka wavae pamoja.”

Kadija alikaa juu ya robota. “Kwetu angekuwa ameshajua,” alisema. “Angelia, tungezika, angekosa kumwona. Kwenu anamwona lakini anadanganywa. Sijui, Adongo. Wallahi sijui ipi ina huruma.” Akaziandaa tisheti mbili za njano, za kitambaa kizuri kile asichokitoa ovyo, akazichapa mwenyewe.

Adongo alimpigia Ondiek. Alimwambia lile la tisheti ingawa aliombwa asimwambie mtu. Upande wa pili ilisikika sauti ya ziwa na mtu akigonga ubao.

“Basi itakuwa kwako,” Ondiek alisema mwishowe. “Akija nyumbani amevaa hiyo kitu, anacheka, halafu akutane na hawa wamama langoni, hapana. Tutakuja na Waya, tukae kwa gari kando ya barabara. Wewe mkaribishe. Mkalishe. Waya ataingia, yeye ndio atasema. Yako ni kumkalisha tu.”

“Ni mimi nilimwambia mara ya kwanza,” Adongo alisema.

“Ndio maana,” alijibu Ondiek.

*

Jumatatu Kadija alifagia duka mapema. Alizishusha tisheti za ukutani, zile za nyuso na tarehe, akazikunja, akazitia kwenye sanduku, na ukuta ukabaki na misumari. Adongo alitoa viti vitatu katika vile vya plastiki wanavyokodisha matangani, akavipangusa, akavipanga kwa mstari. Akaviona vimekaa vibaya mno, vinasema kila kitu. Akakisogeza kimoja mlangoni, akakirudisha tena.

Hakufungua Facebook siku hiyo. Vidole gumba havikujua viende wapi.

Perez aliingia na sanduku kubwa la magurudumu, na alikuwa mfupi kuliko picha yake. “Dada wa pole!” alipaza sauti, akamkumbatia Adongo kama mtu aliyelelewa naye. Alinukia udi na ndege. Alikuwa amemletea mfuko wa tende na kichupa cha marashi, na alivitoa hapo hapo, magoti juu ya sanduku, akicheka kwamba zipu za Saudia hazina adabu. Alimwamkia Kadija kwa Kiarabu kibovu, na Kadija akamwitikia kwa sauti ndogo.

“Ziko wapi?”

Adongo alimpa. Perez aliikunjua moja, akainyoosha kwa urefu wa mikono, na uso wa mama yake ukafunguka katikati ya duka, kitambaa, pengo, mbuta na vyote. “Wueh,” alisema. “Mama huyu! Atanipiga. Ona vile mnaanika mapengo yake.” Akaibandika kifuani, akaishika hapo kwa viganja.

Nje, upande wa pili wa barabara, Adongo aliona mlango wa gari ukifunguka. Waya alikuwa akishuka, mguu mmoja, kisha wa pili, Ondiek amemshika kiwiko.

“Kaa kidogo, Perez,” Adongo alisema. “Umetoka mbali.”

“Sikai. Nikikaa nitalala. Nivalie wapi?” Aligeuka akitafuta pazia, na katika kugeuka akakumbuka. “Eh, nimesahau kuuliza. Yule Perez mwingine, si ulisema wanangoja afike nyumbani? Alifika?”

“Amefika,” Adongo alisema.

“Maskini. Lini?”

“Leo.”

“Ameshaambiwa?”

“Bado.” Adongo alikivuta kiti cha katikati. Miguu ya plastiki ilikwaruza saruji. “Keti kwanza, mamangu.”

Perez alikitazama kiti. Akavitazama viwili vya pembeni. Akautazama ukuta wenye misumari mitupu, na Kadija aliyekuwa ameizima mashine na kusimama na mikono imefungwa tumboni. Waya aliingia mlangoni. Hakusalimu. Hakusema nyathina, mwanangu, umerudi, ingawa alikuwa hajamwona kwa miaka. Alipita moja kwa moja akakaa kwenye kiti cha kulia, akaweka fimbo chini.

Adongo akakaa kushoto.

Kiti cha katikati kilibaki.

“Hapana,” Perez alisema. Alisema kwa upole, kama anayekataa kuongezwa chakula. “Mimi nimesimama tu. Niko sawa. Nitasimama.”

“Nyathina,” Waya alisema.

“Sijakaa, Waya. Unaona sijakaa.”

Na kwa kuwa hakukaa, hakuna aliyeweza kusema. Waya alifunga midomo yake aliyoifunga kwa siku zote zile. Ondiek alisimama kizingitini, ameshika kofia, akitazama sakafu. Huko nje yule wa kipaza sauti aliendelea kunadi, mama chagua, dada chagua, na wanawake waliendelea kuchagua. Perez alisimama katikati yao, tisheti ya njano kifuani, macho makavu, akipumua kwa mdomo kama mtu aliyekimbia.

Kisha mkono wake mmoja uliiacha tisheti. Ulishuka, ukatafuta hewani bila yeye kuutazama, ukaupata mkono wa Adongo pale kitini, na ukaukamata. Aliukamata kwa nguvu zote za mtu aliyefua na kuinua na kusugua nyumba za wengine. Kucha zikaingia. Adongo alihisi maumivu yakianzia vidoleni, yakipanda kiganjani, yakipita kiwiko, makali, yake mwenyewe. Uliuma mkono ule. Uliuma sana, na Adongo hakuutoa.

Wakangoja, kiti kikiwa wazi katikati yao.